Mboga iliyopigwa mionzi si mboga yenye mionzi

Tikiti lililokatwa na kufungwa kwenye kikasha cha plastiki likikaa siku nne bila kuchacha, hakosekani wa kusema, "Hilo limepigwa mionzi." Pakiti ya spinachi ya supamaketi ikibaki kijani wiki nzima, maneno ni hayo hayo, na mara nyingi hufuatiwa na mengine mazito zaidi: kwamba anayekula anajiingizia mionzi mwilini. Ujumbe wa namna hii huzunguka kwenye makundi ya WhatsApp na kuogofya watu ambao wana haki kabisa ya kuuliza wanakula nini.

Tanzania kuna jambo linaloongeza mkanganyiko, nalo ni cheti cha mionzi. Mfanyabiashara anayeingiza au kusafirisha vyakula hupeleka sampuli kwa Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, TAEC, ipimwe kabla ya kupewa kibali. Kwa hiyo mtu anasikia leo kwamba chakula kimepimwa mionzi, kesho anasikia kwamba chakula kimepigwa mionzi, na anadhani ni habari moja. Ni habari mbili, na asiyezitenganisha hawezi kuelewa yanayofuata.

Tuanze na kupiga mionzi. Hapa chakula hupitishwa mbele ya chanzo cha nishati kali kwa muda maalumu, nishati hiyo ikapenya ndani yake, ikaharibu vijidudu, kisha chakula kikaondolewa. Chanzo huwa kimoja kati ya vitatu: mionzi ya gama inayotoka kwenye metali iitwayo kobalti-60, mionzi ya eksirei, au mkondo wa elektroni unaorushwa na mashine ya umeme. Viwili vya mwisho huzimwa kwa swichi.

Kupima mionzi ni kitu kingine. Hapo maabara inatafuta kama chakula kimechafuliwa kwa atomi ambazo zenyewe zinatoa mionzi. Kinu cha nyuklia cha Chernobyl, katika Ukraine ya leo, kilipolipuka tarehe 26 Aprili 1986, atomi za aina hiyo, hasa sizi-137 na iodini-131, zilisambaa na upepo zikatua kwenye nyasi, ng'ombe wakala nyasi, maziwa yakachafuka. Chakula cha hivyo kinaendelea kutoa mionzi kikiwa ghalani, jikoni na tumboni. Cheti cha TAEC kinahusu hatari hiyo.

Fikiria mpunga ulioanikwa kwenye turubai kando ya barabara. Jua linaupiga mchana kutwa, linaukausha, linaua baadhi ya wadudu, na jioni ukiuingiza ndani hakuna jua lililobaki kwenye gunia. Lakini gari likipita na kutimua vumbi, vumbi hilo unalo mpaka kwenye sufuria. Kupigwa mionzi ni jua. Kuchafuliwa na atomi zinazotoa mionzi ni vumbi.

Swali la haki linabaki: je, mionzi mikali haiwezi kuzibadilisha atomi za chakula chenyewe, nazo zikaanza kutoa mionzi? Inaweza, kama ina nguvu ya kutosha kuvuruga kiini cha atomi. Ndiyo maana kanuni za kimataifa za chakula ziitwazo Codex, ambazo kwa suala hili zilitolewa mara ya kwanza mwaka 1983, zinaweka ukomo wa nguvu ya mashine za elektroni na za eksirei, na mionzi ya kobalti-60 kwa asili yake ina nguvu ndogo kuliko ukomo huo. Ndani ya mipaka hiyo nishati inagusa elektroni zilizo pembeni ya atomi na kuvunja viungo vya kikemia. Kiini hakiguswi.

Ndani ya chumba

Mtambo wa kobalti una chumba chenye kuta za zege zenye unene wa karibu mita mbili, na njia ya kuingilia iliyopinda kama maandazi yaliyosokotwa ili mionzi isitoke moja kwa moja. Katikati kuna bwawa la maji lenye kina cha mita kadhaa. Vijiti vya kobalti, vilivyofungwa ndani ya metali isiyoshika kutu, hulala chini ya bwawa hilo, maji yakiwa ndiyo ngao, na maji yanayovizunguka hung'aa rangi ya samawati. Kazi ikianza, hakuna mtu ndani. Vijiti vinainuliwa, na masanduku ya bidhaa yakiwa yameshafungwa tayari kwa kuuzwa yanazungushwa kwenye mkanda, upande huu kisha upande ule, ili kila pakiti ipate kiasi chake. Chakula hakigusi kobalti hata kidogo. Vijiti vikirudishwa majini, chumba kinaingilika.

Hiyo ya masanduku kuwa yameshafungwa ni muhimu kuliko inavyoonekana. Njia nyingine nyingi za kuua vijidudu hufanyika kabla ya kufunga, kisha mikono na hewa vikarudisha vijidudu vipya. Hapa kilichokufa kimekufa ndani ya pakiti, na hakuna kinachoingia mpaka mlaji aifungue.

Na hatuko mbali na teknolojia hii kama tunavyodhani. Sehemu kubwa ya sindano, glavu na nyuzi za kushonea vidonda zinazotumika mara moja hospitalini husafishwa kwa mionzi zikiwa ndani ya vifuko vyake, kwa kipimo kikubwa mara nyingi kuliko kile cha mboga. Wazanzibari nao wana ushahidi wao: mbung'o walitokomezwa Unguja katika miaka ya 1990 kwa kufuga mbung'o dume kule Tanga, kuwapiga mionzi ya gama wasiweze kuzalisha, na kuwaachia kwa ndege mamilioni kwa mamilioni wakajamiiane na majike wa porini bila kupata kizazi. Mwaka 1997 kisiwa kilitangazwa kuwa hakina mbung'o. Wale madume walioachiwa hawakuwa wakitoa mionzi, na ng'ombe wa Unguja hawakupata madhara yoyote ya mionzi kutoka kwao.

Kipimo ndicho kila kitu

Mionzi inayoingia kwenye chakula hupimwa kwa grei. Grei moja ni jouli moja ya nishati iliyomezwa na kilo moja ya kitu, na grei elfu moja ni kilogrei. Kilogrei moja inasikika kubwa, lakini kwa upande wa joto inapandisha maji kwa robo tu ya nyuzi moja ya sentigredi. Ndiyo maana tunda linatoka mtamboni likiwa bado bichi.

Kama halipiki, linauaje? Nishati hukata nyuzi za vinasaba vya kiumbe, na pia huvunja maji yaliyo ndani ya seli yakatoa vipande vikali vinavyokata nyuzi hizo hizo. Bakteria ambaye vinasaba vyake vimekatwa sehemu nyingi hawezi kugawanyika, na bakteria asiyegawanyika hana madhara makubwa.

Kadiri kiumbe kilivyo kikubwa na chenye vinasaba vingi, ndivyo kinavyodhurika kwa kipimo kidogo. Grei tano tu zikimpata binadamu mwili mzima kwa mara moja zinaweza kumuua, ndiyo sababu ya zile kuta za zege. Viazi huzuiwa kuchipua kwa grei 50 hadi 150. Inzi wa matunda hushindwa kuzaa kwa grei 150. Bakteria wanaotuharisha huhitaji mamia ya grei hadi kilogrei moja au mbili. Virusi, kwa udogo wao, huhitaji zaidi ya hapo, na mbegu ngumu za bakteria wa aina ya Clostridium, ambao baadhi yao hutoa sumu kwenye chakula, nazo hustahimili sana. Viungo vikavu kama pilipili manga na bizari, ambavyo mara nyingi hukaukia chini vikiwa na vumbi na kinyesi cha ndege, hupigwa hadi kilogrei 10, na Marekani inaruhusu hadi 30.

Mtu akikwambia chakula kimepigwa mionzi bila kutaja kipimo, hajakwambia kitu.

Kisu kinapopita

Sasa tuje kwenye mboga na matunda yaliyokatwa, maana hapa ndipo suala linapokuwa gumu na la kuvutia.

Nanasi zima lina ganda. Jani zima la spinachi lina utando mwembamba wa nta unaozuia maji kutoka na vijidudu kuingia. Kisu kikipita, safu nzima ya seli inapasuka. Maji yake yenye sukari na chumvichumvi yanamwagika kwenye mkato na kuwa chakula cha bakteria. Vimeng'enya vilivyokuwa vimetengwa ndani ya seli vinakutana na hewa, na tufaha au bilinganya linageuka kahawia. Seli zilizobaki hai zinapumua kwa kasi, zinatoa joto, zinatumia akiba zao. Mmea umejeruhiwa, na unazeeka haraka. Ndiyo maana sukuma wiki iliyokatwakatwa asubuhi na mama mboga wa Nairobi huwa imelegea na kubadilika harufu jioni, wakati ile iliyobaki nzima kwenye fungu bado imesimama.

Hatari kubwa zaidi haionekani. Bakteria hupenda kujibanza kwenye mkato na kuingia kwenye vinyweleo vya jani. Viwanda vya saladi huosha mboga kwa maji yenye klorini, lakini klorini inaua kilicho juu, na kwa kawaida huondoa tisa katika kila bakteria kumi, au ikifanya vizuri sana tisini na tisa katika mia. Kama mboga ilikuja na bakteria wengi, mmoja katika mia ni wengi bado.

Septemba 2006 Marekani ililipa gharama ya jambo hili. Spinachi changa za kwenye pakiti, zilizolimwa California na kuoshwa kiwandani, zilibeba bakteria aitwaye E. coli O157:H7, wa aina inayoharibu figo. Watu wapatao 200 katika majimbo 26 waliugua na watatu wakafa. Wachunguzi walimkuta bakteria huyo huyo kwenye kinyesi cha ng'ombe na kwa nguruwe pori karibu na shamba lililoshukiwa. Kilichowashtua wengi ni kwamba pakiti ziliandikwa kuwa mboga zimeshaoshwa.

Miaka miwili baadaye, Agosti 2008, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, iliruhusu spinachi na saladi ya aina ya iceberg zipigwe mionzi hadi kilogrei 4 ili kuua vijidudu na kuongeza muda wa kukaa. Mionzi hupenya jani, hivyo humfikia bakteria aliyejificha mahali klorini haifiki.

Hesabu yake ni hii. Kwa E. coli huyo, kipimo kinachoua tisa katika kumi kwenye mboga za majani ni kati ya kilogrei 0.1 na 0.3, kutegemea mboga na ubaridi. Tuchukue 0.2. Ukipiga 0.2, kati ya bakteria laki moja wanabaki elfu kumi. Ukifika 0.4, elfu moja. Ukifika kilogrei moja umekata mara tano, na katika ile laki anabaki mmoja. Hiyo ni kazi ambayo hakuna maji ya kuoshea yanayoifanya bila kuiharibu mboga.

Kwa nini basi wasipige kilogrei zote nne zilizoruhusiwa? Kwa sababu mboga yenyewe ni kiumbe hai. Mionzi ileile inayokata vinasaba vya bakteria hukata pia pektini, ule mshikizi unaozishika seli za mmea pamoja. Karibu na kilogrei moja, saladi nyingi hustahimili na mlaji hatambui tofauti. Ukiendelea kupanda, majani yanaanza kuvuja maji, vipande vya tufaha vinakuwa laini kama vilivyochemshwa kidogo, harufu inabadilika. Kuvu na hamira, wanaochachusha matunda yaliyokatwa, ni wagumu kuliko bakteria wa kuharisha, kwa hiyo kipimo kinachofanya tunda liwe salama si lazima kilifanye likae muda mrefu sana. Anayedhani mionzi inafanya tunda lililokatwa lisioze kabisa hajaona tunda hilo siku ya kumi na tano.

Mlango ni mwembamba, na wataalamu hujaribu kuupanua kwa kuchanganya njia: kuchovya vipande kwenye maji yenye kalsiamu ili pektini ikaze, kupunguza oksijeni ndani ya pakiti ili mkato usigeuke kahawia, na juu ya yote ubaridi wa chini ya nyuzi 5 kutoka kiwandani hadi kwenye friji ya mnunuzi. Ubaridi hauna mbadala. Mionzi ya kilogrei moja haimalizi zile mbegu ngumu za Clostridium, na pakiti isiyo na oksijeni ikiachwa kwenye joto inazipa mahali pazuri pa kuamka, tena bila washindani wengi. Haimalizi pia virusi vya homa ya ini aina ya A wala norovirusi, ambavyo hufika kwenye chakula kwa mikono ya mtu aliyetoka chooni bila kunawa. Hakuna mtambo utakaochukua nafasi ya sabuni.

Hofu zinazosikika, na zenye msingi kiasi gani

Kwamba mionzi huua virutubisho: kidogo ni kweli. Vitamini C na B1 ndizo hupungua kwanza, na upungufu huongezeka na kipimo. Kwa vipimo vya mboga mbichi hasara ni ndogo, na kwa mboga za majani ni ndogo kuliko ile ya kuzichemsha na kumwaga maji, kama tunavyofanya nyumbani karibu kila siku.

Kwamba huzalisha kemikali mpya: ni kweli vinazaliwa vitu vidogo vidogo, vingi vikiwa vilevile vinavyozaliwa tunapokaanga, kuchoma au kusindika. Mfano ni furani, ambayo hujitokeza kwa kiasi kidogo kwenye baadhi ya matunda yaliyopigwa mionzi, na ambayo imo pia kwenye kahawa iliyokaangwa na vyakula vya kopo. Mwaka 1980 kamati ya pamoja ya mashirika ya kimataifa ya chakula (FAO), nguvu za atomiki (IAEA) na afya (WHO) ilipitia miaka mingi ya majaribio na kuhitimisha kuwa chakula chochote kilichopigwa hadi wastani wa kilogrei 10 hakina sumu inayotokana na kupigwa huko. Jambo ambalo lingenipa wasiwasi zaidi ni plastiki ya pakiti, kwa sababu nayo inapigwa na inaweza kutoa kemikali zake. Kwa hiyo nchi zinazoruhusu, kama Marekani, zina orodha ya plastiki zinazokubalika.

Kuna kisa cha paka wa Australia kinachotumwa sana, nacho si uongo. Paka walipooza baada ya kula chakula kikavu kilichopigwa mionzi wakati wa kuingizwa nchini, na mwaka 2009 serikali ikapiga marufuku chakula cha paka kupigwa mionzi. Lakini kipimo kilikuwa kikubwa mno, makumi ya kilogrei, na paka wale walikuwa wakila chakula hicho hicho siku zote. Kisa hicho kinathibitisha kwamba kipimo lazima kisimamiwe. Hakisemi chochote kuhusu saladi ya kilogrei moja.

Na kuna hofu kwamba wafanyabiashara watatumia mionzi kufufua chakula kilichooza. Hapa nataka nieleweke vizuri, maana inagusa maisha yetu. Mionzi haiondoi harufu ya kuoza wala haigeuzi nyanya iliyovia kuwa nzima. Haiondoi dawa za kuulia wadudu zilizobaki kwenye mboga. Na haiondoi sumukuvu. Mwaka 2004 watu 125 walikufa Kenya kwa kula mahindi yenye sumukuvu aina ya aflatoksini. Mahindi kama hayo ukiyapiga mionzi utaua kuvu, ila sumu iliyokwisha kutengenezwa inabaki palepale. Atakayekuuzia mahindi yenye ukungu kwa maelezo kwamba yamesafishwa kwa mionzi anakuuzia sumu.

Mnunuzi ana haki ya kuambiwa. Kanuni za Codex zinataka chakula kilichopigwa mionzi kiandikwe hivyo kwenye lebo, na inapotumika alama ya kimataifa huwa ya kijani: duara ambalo nusu yake ya juu imekatikakatika, na ndani yake kitu kama mmea wenye majani mawili. Tikiti la kwenye kikasha ambalo halina alama wala maneno, kwa kawaida siri yake ni friji nzuri na kisu safi.

Je, inatufaa huku kwetu?

Kwa kachumbari, sukuma ya kukatiwa na matunda ya vikombe vya barabarani, sioni maana yake kwa sasa. Vyakula hivyo hukatwa na kuliwa ndani ya saa chache, na kinachovichafua ni maji ya kuoshea, ubao, kisu na mikono. Fedha za mtambo mmoja wa kobalti, ambao tena hupungua nguvu kwa nusu kila baada ya miaka mitano na miezi kadhaa, zingeleta mabomba na majokofu kwenye masoko mengi. Hata Marekani kwenyewe, pamoja na ruhusa ya 2008, viwanda vingi vya saladi havijaitumia, kwa gharama na kwa kuhofia lebo itafukuza wateja.

Wala mkulima wa Kenya anayeuza Ulaya maharage machanga yaliyokatwa ncha asitarajie kufaidika nayo karibuni. Umoja wa Ulaya wote kwa pamoja umekubali kundi moja tu la vyakula, yaani viungo na majani makavu ya kuungia, na mboga mbichi hazimo.

Palipo na nafasi ni kwenye matunda mazima ya kusafirishwa na kwenye viungo. Inzi wa matunda kutoka Asia aligunduliwa Kenya mwaka 2003 na tangu hapo amewaharibia wakulima wa maembe wa ukanda mzima, shambani na kwenye soko la nje. India ilikuwa na shida ya namna hiyo. Ilifungua mtambo Lasalgaon, katika jimbo la Maharashtra, eneo maarufu kwa vitunguu, na mwaka 2007 maembe yake yakaanza kuingia Marekani baada ya kupigwa grei 400, chini ya nusu ya kilogrei. Kipimo hicho kinazuia wadudu walio ndani ya tunda wasizaliane, na embe linabaki embe. Marekani iliyakubali kwa sharti kwamba wakaguzi wake wasimamie kazi hiyo papo hapo mtamboni, na gharama za ukaguzi huo zilibebwa na upande wa India.